Ufagio Chini ya Mikarafuu

Kila unapokaribia msimu wa karafuu, kazi ya kwanza katika mashamba ya huku kwetu Wete, kisiwani Pemba, ni kusafisha chini ya miti. Magugu hulimwa kwa jembe mpaka mizizi yake itoke, majani makavu hufagiwa kwa fagio za chelewa yakakusanywa mafungu mafungu, na jioni upepo ukitulia hutiwa moto. Shamba likishafanyiwa hivyo watu husema kuwa ni safi, na mwenye shamba safi huheshimiwa kijijini kama anavyoheshimiwa mwenye ua uliofagiwa alfajiri.

Shamba ninalolisimamia mimi ni eka tatu alizopewa babu yangu katika ugawaji wa ardhi uliofuata Mapinduzi ya 1964, na kwa muda wote ninaoukumbuka limekuwa safi. Lipo juu ya mteremko, na chini yake kuna bonde la mpunga. Nilipolirudia baada ya miaka mingi ya kusomesha skuli Unguja, nilikuta mikarafuu ya upande wa juu imekauka matawi ya kileleni, muhogo uliopandwa baina yake unatoa mizizi ya unene wa kidole gumba, na mizizi ya mikarafuu yenyewe imetokeza juu ya ardhi kama mishipa ya mkono wa mzee. Ami yangu, ambaye ndiye aliyelitunza shamba wakati wote nilipokuwa sipo, alinieleza sababu kwa maneno anayoyajua kila mkulima wa Pemba: "Ardhi imechoka, mwanangu."

Nilitaka kujua kuchoka huko ni kitu gani hasa. Nikachukua mabonge mawili ya udongo mkavu, kila moja kiasi cha yai la kuku. La kwanza lilitoka baina ya mikarafuu, pahala palipofagiwa tangu enzi za babu. La pili lilitoka chini ya mfenesi ulio mpakani, hatua kama thelathini tu kutoka pale, ambako hakuna aliyewahi kuhangaika kufagia kwa sababu hapana karafuu ya kuokota. Niliyatia katika gilasi mbili za maji mbele ya ami, kwenye baraza. Bonge la mikarafuuni lilitoa mapovu, likamong'onyoka na kuwa tope kabla ami hajamaliza kikombe chake cha kahawa. Bonge la mfenesini tulilikuta bado zima tuliporudi kutoka msikitini baada ya sala ya alasiri, na maji yake hayakuchafuka.

Udongo wa sehemu hizo mbili ni wa asili moja na mvua inayounyeshea ni moja. Tofauti yake ni gundi. Katika udongo wenye afya, karibu nusu ya ujazo wake ni nafasi tupu zinazopitisha hewa na maji, sehemu kubwa ya nusu iliyobaki ni chembe za mchanga na mfinyanzi, na kiasi kidogo tu, ambacho kwa kawaida hakizidi asilimia 5, ni mabaki ya mimea na viumbe yaliyooza, yaani mboji. Kiasi hicho kidogo ndicho kinachofanya kazi kubwa. Bakteria na kuvu wanaokula majani yaliyooza hutoa utando na utomvu unaozishikanisha chembe zikawa vipande imara, na nyungunyungu huzipitisha matumboni mwao na kuzitoa zikiwa zimefungamana. Inasemwa kuwa kijiko kimoja cha udongo hai huwa na viumbe wengi kuliko watu waliopo duniani; lakini viumbe wote hao wanataka kula, na chakula chao ni yale majani tunayoyatia moto.

Wazee wetu hawakuwa wajinga wa udongo. Huwezi kumwambia mkulima wa Unguja au Pemba kuwa udongo ni udongo tu, kwa sababu yeye anaujua mchanga unaopitisha maji upesi, anakijua kinongo chekundu, anakijua kinamo cha mabondeni kinachonata wakati wa masika na kupasuka wakati wa kiangazi, na anaijua ardhi ya maweni, ambako mkulima hupanda katika vishimo vya udongo vilivyomo baina ya mawe ya matumbawe. Wataalamu wa kilimo wa zama za ukoloni walipouainisha udongo wa visiwa hivi katika miaka ya 1950, walichukua majina hayo hayo ya wakulima na kuyaandika katika maandishi yao. Tunachopungukiwa ni hesabu ya kinachotoka na kinachorudi, si elimu ya aina za udongo. Na waliposema wahenga kuwa mali bila daftari huisha bila habari, wangeweza kuwa wanazungumza juu ya eka zangu tatu.

Tuifungue basi hesabu hiyo. Pemba hupata mvua nyingi, kiasi cha milimita 1,900 kwa mwaka, na vilima vyake vimenyeshewa kwa muda mrefu mno. Maji yanayopenya ardhini huchukua kalisiamu, magnesiamu na potasiamu na kuzishusha chini, mpaka udongo wa juu ukawa na tindikali. Udongo wa namna hiyo hauna uwezo mkubwa wa kuvishika virutubisho kwa chembe zake peke yake, hivyo sehemu kubwa ya kazi ya kushika inabaki kwa mboji. Ukiuona msitu mkubwa umesimama juu ya ardhi kama hiyo, usidhani kuwa akiba yake imo ndani kabisa ya ardhi. Akiba yake inazunguka: jani linaanguka, linaoza, mizizi inayosambaa karibu na uso wa ardhi inakinyonya kilichomo kabla mvua haijakichukua, na mwakani kinakuwa jani tena.

Anayetaka kuliona jambo hili kwa macho aende Msitu wa Ngezi, huko kaskazini magharibi ya kisiwa, ambao una hekta zipatazo 1,440. Sehemu yenye udongo mzuri na unyevu ina miti mirefu ya kukufanya uumwe shingo kwa kuitazama, na chini yake hatua yako inazama katika majani. Ukiendelea, unafika kwenye mchanga mweupe uliochujwa virutubisho vyake, na hapo msitu unakatika ghafla, vinabaki vichaka vifupi visivyofanana kabisa na miti uliyoiacha nyuma yako. Kila ninapopita hapo hujiuliza kama shamba langu linaelekea upande upi.

Mikarafuu ilipopandwa Pemba ilirithi ardhi ya misitu. Kimbunga cha 1872 kiliangusha sehemu kubwa ya mikarafuu ya Unguja, na baada ya hapo Pemba ndiyo iliyoshika nafasi ya kwanza katika zao hilo hapa Zanzibar mpaka leo. Miti ya mwanzo ililishwa na mboji iliyowekwa na misitu kwa karne nyingi, na kwa kuwa mkarafuu ni mti wa kuishi miaka mingi, ilichukua vizazi kadhaa kabla upungufu haujaonekana. Wakati huohuo tumekuwa tukitoa: karafuu inauzwa, makonyo, yaani vikonyo vinavyobaki karafuu zikichambuliwa, yanakwenda kiwandani kukamuliwa mafuta, majani pia hukatwa kwa ajili ya mafuta hayo, kuni zinakwenda jikoni, na yanayobaki yanachomwa. Sisemi biashara hizo ziachwe. Mimi mwenyewe nimesomeshwa kwa pesa za karafuu. Ninasema kuwa kila gunia linalotoka limebeba kitu kilichotoka ardhini, na sioni gunia linalorudi.

Moto una hila yake, na ndiyo maana ni vigumu kumshawishi mtu auache. Fungu la majani likiungua, naitrojeni na salfa nyingi huondoka na moshi, lakini majivu hubaki na potasiamu, kalisiamu na fosforasi, na hupunguza tindikali ya udongo kwa muda. Mmea uliopandwa juu ya majivu hayo hustawi mwaka wa kwanza, mkulima akafurahi na kusema moto una baraka. Mvua kubwa za masika zikipita juu ya mteremko uliobaki mtupu, majivu ndiyo ya kwanza kusombwa.

Jembe nalo lina lake. Mizizi ya mkarafuu inayokula iko karibu na uso wa ardhi, na imeshirikiana na kuvu ambao nyuzi zao nyembamba hufika pasipofika mzizi na kuuletea mti fosforasi. Tunapolima mpaka shinani kwa ajili ya usafi, tunaikata mizizi na nyuzi hizo kwa pamoja. Nisije nikadaiwa kusema kuwa kila mkarafuu unaokufa umeuawa na ufagio: upo ugonjwa wa kufa ghafla unaoiangamiza miti iliyokwisha kukomaa, na huo una sababu zake. Lakini mti wenye njaa ni mdhaifu mbele ya kila adui.

Udongo unaotoka kilimani haupotei, unahama. Kwanza unashukia bonde la mpunga, ambako kidogo wake ni neema na mwingi wake ni balaa, kwa kuwa huziba mitaro na kuifukia miche. Kisha unafika kwenye mikoko. Mkandaa, mchu na mkoko wenyewe huupunguza kasi mkondo wa maji, tope likatua baina ya mizizi yao, na katika tope hilo lisilo na hewa mabaki ya mimea huoza polepole sana, hata kaboni yake ikabaki imefungwa humo kwa muda mrefu. Ile harufu ya yai bovu inayowakera wageni pwani zetu ni dalili ya kazi hiyo. Pale mikoko ilipokatwa, tope la kilimani hupita moja kwa moja mpaka kwenye nyasi za baharini na matumbawe, likazuia mwanga. Na bahari nayo hupata njia ya kupanda bondeni. Watu wa Kisiwa Panza, huko kusini ya Pemba, wanajua maana yake, kwani maji ya chumvi yameingia katika mashamba yao ya mpunga. Chumvi ikishakaa katika kinamo, mmea hushindwa kunywa hata ukiwa umesimama ndani ya maji, na mfinyanzi wenyewe huvunjika muundo ukawa mgumu kama sakafu.

Upande wa mashariki, kwenye maweni ya Micheweni, na ya Makunduchi kule Unguja, hesabu ni nyingine kidogo, kwa sababu huko chokaa imezidi na udongo ni haba. Dawa ya wazee ilikuwa kuupumzisha: unafyeka, unachoma, unalima mtama au kunde misimu michache, kisha unauacha msitu urudi kwa miaka mingi. Utaratibu huo ulitaka nafasi. Sensa ya 1978 ilihesabu watu 476,111 Zanzibar nzima, na ya 2022 ilihesabu 1,889,773, wala ardhi haikuongezeka hata shubiri moja. Kwa hiyo mapumziko yamefupishwa na moto unarudi kabla kichaka hakijawa kichaka. Sentimita 2 au 3 za udongo zinaweza kuchukua hata miaka 1,000 kuumbika, na katika maweni hizo ndizo zote zilizopo.

Sasa nieleze nilichofanya, ambacho si kikubwa. Usafi wa chini ya mikarafuu una sababu zake za haki: karafuu zinazoanguka ni pesa, wachumaji wanaogopa nyoka, na ngazi haisimami vizuri juu ya magugu. Nusu ya juu ya shamba niliiachia ami aendelee kama alivyozoea, kwa kuwa si adabu kumfundisha kazi mtu aliyekufundisha wewe kushika jembe. Nusu ya chini nimeacha kulima kwa jembe. Nafyeka kwa mundu, na majani nayapanga kwa mistari inayoukingama mteremko, ili maji ya mvua yakutane na kizuizi kila baada ya hatua chache. Baina ya miti nimepanda kunde, na ukiung'oa mche wake taratibu utaona vifundo mizizini, ambavyo ukivipasua ndani ni vyekundu. Humo mnaishi bakteria wanaoichukua naitrojeni kutoka hewani. Samadi ya mbuzi naichanganya na majani ya mfenesi na kuifunika mpaka ioze. Msimu wa karafuu tunatandika majamvi makuukuu chini ya mti unaochumwa siku ile, karafuu zikaangukia juu yake, tukahamia mti mwingine nayo.

Mwaka wa kwanza hapakuwa na la kuonyesha, isipokuwa maneno. Jirani mmoja alimuuliza ami kama mimi ni mgonjwa, maana shamba limekuwa chafu na mwenyewe nipo. Mwaka wa pili nyungunyungu walianza kuonekana chini ya mistari ya majani, na baada ya mvua kubwa za masika maji yaliyoshuka bondeni kutoka upande wangu yalikuwa na rangi ya chai, ya upande wa juu yakiwa na rangi ya matofali. Muhogo umenenepa kidogo. Mikarafuu bado siwezi kuisemea, kwa sababu mti unaohesabu umri wake kwa miongo haujibu kwa miaka miwili.

Wiki iliyopita nilirudia jaribio la gilasi, safari hii kwa bonge la nusu ya chini. Halikuwa zima kama la mfenesini. Lilianza kumeguka pembeni baada ya muda, ila halikuwa tope. Ami aliitazama gilasi kwa muda mrefu asiseme kitu. Asubuhi yake nilimkuta chini ya mfenesi ameinama, anajaza majani makavu kwenye pakacha, na nilipomuuliza anayapeleka wapi alinijibu kuwa majimbi yake ya kule juu yamekuwa madogo mwaka huu, na kuwa nikiwa sina kazi nimshikie pakacha la pili.