Pumu Ambayo Sikuwa Nayo

Kwa miaka miwili nilikimbia na pampu ya pumu mfukoni, na haikunisaidia hata siku moja. Kila nilipoongeza kasi kwenye mwinuko wa kwenda Mweka, koo lilibana kana kwamba nimekabwa, hewa ikawa inaingia kwa mlio wa filimbi, na nikisimama dakika chache hali inatulia yenyewe. Wote waliousikia mlio huo walisema ni pumu, wala hakuna aliyeuliza kama unatoka wakati wa kuvuta pumzi au wa kuitoa. Kocha wangu ndiye aliyeniponza zaidi kwa kunipigia kelele, "Fungua mdomo, vuta kwa nguvu!" Nilitii, nikaishia kupiga magoti kando ya barabara.

Daktari wa masikio, pua na koo alinikimbiza kwenye ngazi za hospitali, lakini hadi kamera ilipokuwa tayari, koo lilikwishafunguka, nami nikaonekana mzushi. Huko Bergen, Norwei, mrija wenye kamera ya kutazama koo hufungwa kichwani mgonjwa akakimbia nao. Sisi tulirudia ngazi zile zile, safari hii daktari akinisubiri juu na mrija wake mkononi. Tukaona: zoloto, yaani kisanduku cha sauti kilicho kooni, lilikuwa linajifunga kila nilipovuta hewa, wakati ambapo lingepaswa kupanuka. Vipimo vya mapafu havikuonyesha pumu, na hapo ndipo daktari aliponiondolea ile pampu.

Nilipoelekezwa kwa mtaalamu wa tiba ya usemi nilicheka, maana kusema sijawahi kushindwa, na mke wangu ni shahidi. Kumbe hao ndio mafundi wa koo. Alinifundisha kulegeza taya na mabega, kuvuta hewa puani kama anayenusa mtori wa jirani, kisha kuitoa kwa midomo iliyochongoka kama anayeupoza. Vipindi sita vilikula kama bei ya raba nzuri za kukimbilia.

Kitandani nilikuwa bingwa, ila barabarani nilishindwa mara nne, kwa kuwa nilingoja nibanwe ndipo nianze. Basi nikachagua mgomba mmoja ulio chini kabisa ya mwinuko: nikiufikia tu, ninaanza kunusa na kupoza, nibanwe nisibanwe. Jumamosi iliyopita nilipanda hadi juu nikiupoza mtori wangu wa kuwaziwa, nikampita kocha, naye ameachama mdomo vile vile alivyonishauri.