Mwiba wa Perege

Perege yule alitoka Mtera. Mama alimnunua soko la Majengo, akamkaanga mwenyewe. Mwiba ulipomkwama kooni, jirani alishauri kile kinachoshauriwa katika nyumba nyingi huku Dodoma: ameze tonge la ugali bila kutafuna, lisukume mwiba chini. Mama akameza, akaongeza jingine, akasema umeshuka.

Kulipokucha alikuwa hawezi kumeza hata mate, anayatema kwenye kopo. Maumivu yalitoka shingoni hadi kifuani, na mwili ulikuwa wa moto. Hospitalini daktari alianza na shingo. Aliibonyeza ngozi juu ya mtulinga, kisha akanishika mkono nami nibonyeze. Chini ya vidole palichakarika kama mfuko wa nailoni.

"Hiyo ni hewa," alisema. "Umio, mrija unaopitisha chakula kwenda tumboni, umetoboka. Tonge halikuutoa mwiba, liliukandamiza ukutani."

Umio wa mtu mzima una urefu wa kama sentimita 25 tu, lakini unapita kifuani jirani kabisa na moyo na mshipa mkuu wa damu. Mate na chakula vikivujia humo, usaha wake unaua. Nilijua mama anakwenda kupasuliwa kifua. Kaka, aliyekuwa Mpwapwa, alianza kutafuta mnunuzi wa ng'ombe.

Hakupasuliwa. Picha ya CT ilionyesha tundu ni dogo na usaha haujakusanyika. Akapewa nusu kaputi, wakapitisha mdomoni mpira mwembamba wenye taa na kamera, wakaukamata mwiba kwa koleo dogo na kuuvuta taratibu usije ukakwaruza njiani. Kwa mpira uleule wakalibana tundu kwa klipu ya chuma. Nilionyeshwa mwiba juu ya kipande cha kitambaa cha kufungia vidonda: kama sentimita 3, umepinda, ncha zote mbili kali.

Kazi kubwa ilikuwa kungoja. Antibayotiki kwenye dripu, mdomoni hakuna kitu, chakula cha maji kinapita kwenye mpira wa puani. Mama amelisha watu maisha yake yote, na kulishwa vile kulimuuma kuliko mwiba wenyewe. Kila muuguzi alipokuja na bomba la sindano lenye uji, aligeukia ukutani.

Hatimaye alinyweshwa dawa inayoonekana kwenye eksirei, wakaifuatilia ikishuka. Haikuvuja popote. Mpira ukatolewa puani.

"Baba, na samaki je?" akamuuliza daktari.

"Samaki utakula, mama, pakishapona kabisa. Leo uji, tena mwepesi."

Akaumaliza wote, akaomba mwingine.