Siku Niliyoizunguka Newala

Shughuli ya mirathi iliyonipeleka Newala iliisha mapema kuliko tulivyotegemea, na tiketi ya kurudi Mtwara mjini nilikuwa nimeshaikata ya kesho yake alfajiri. Ilikuwa Juni mwaka 2014. Mama mdogo niliyefikia kwake akaniambia nisijifungie ndani kama mgonjwa, nikautembee mji. "Ila vaa kitu kizito, mwanangu. Huku siyo pwani." Kitu kizito sikuwa nacho, akanitolea koti la marehemu baba mdogo.

Alijua anachosema. Newala imekaa ukingoni kabisa mwa uwanda wa juu wa Makonde, zaidi ya mita 600 kutoka usawa wa bahari, na asubuhi za Juni ukungu hushuka mpaka kwenye mapaa. Huko kwenye mikorosho bomba la kupulizia dawa ya salfa lilikuwa linanguruma, na ile harufu yake inayokaba koo ikanifikia barabarani. Salfa hupulizwa alfajiri, upepo haujaanza na majani yana umande, ili unga ushike. Mkulima akichelewa, ugonjwa wa ubwiri unga unakausha maua, na Oktoba wenzake wakipeleka magunia ghalani yeye anabaki kuwatazama.

Sokoni nilinunua ming'oko, ile mizizi ya porini inayochemshwa. Kwetu mjini nayo inauzwa, lakini imeshapoa. Hapa mama mmoja aliitoa chunguni ikifuka moshi, akaniwekea kwenye kipande cha gazeti na chumvi iliyochanganywa na pilipili ya unga. Unaibana kwa vidole, ganda linateleza, unachovya, unakula. Aliniambia aliichimba mwenyewe porini na mabinti zake. Kila mmoja mzizi wake una kina chake, akasema, ukivuta kwa pupa unakatikia ardhini. Nikala nimesimama, nikaongeza.

Kutoka hapo nikaenda Shimo la Mungu. Nilikuwa nimelisikia tangu utotoni, lakini kusikia na kuona ni mambo mawili. Unatembea kwenye ardhi tambarare, mara mbele ya miguu yako hakuna ardhi. Genge linaporomoka, na chini kabisa ni bonde la Ruvuma, miti yake midogo kama nyasi, na ng'ambo ni Msumbiji. Upepo ulikuwa unapiga mpaka macho yanatoa machozi. Nilikaa muda mrefu nikiwaza wale waliovuka mto ule miaka ya vita ya ukombozi, kuanzia 1964 hadi 1974, wakakimbilia upande wetu na watoto mgongoni.

Mzee mmoja alikuwa anafunga kuni zake karibu na hapo. Nikamwamkia, akaitika, akauliza mimi ni wa nani. Nilipomtajia ukoo alitua mzigo. Nikamuuliza lililokuwa linanisumbua tangu nilipofika: maji yako kule bondeni, wazee walifuata nini huku juu pakavu?

"Walifuata uhai, mjukuu wangu," akasema. Wazee walikataza kukaa karibu na mto. Waliamini mtoto anayezaliwa bondeni hadumu. Halafu kulikuwa na vita na watekaji watumwa. Vichaka vya huku vilikuwa vimesongamana, asiyezijua njia hapiti. Hata wamisionari wa Kianglikana wa UMCA, Wangoni walipoivamia Masasi mwaka 1882, walihamishia kazi yao Newala. Mimi naona hata lile la watoto wazee walikuwa na sababu: bondeni kuna mbu na homa, na watu walizika sana kabla ya kukataza.

Lakini gharama yake waliilipa wanawake. Mchanga wa huku juu unainywa mvua yote, maji yanakwenda kutokea chini ya genge. Mzee alininyooshea kidole njia nyembamba inayopotea kwenye majani. "Mama yangu alikuwa anatoka jogoo la kwanza, anashuka hapo na mtungi, anarudi jua limeshapanda. Na mimba alishuka hivyohivyo." Nikaitazama ile njia. Kuipanda mikono mitupu tu ni kazi.

Jioni nikamsimulia mama mdogo. Hakusema kitu, akanichukua mpaka uani, akafungua kufuli la kifuniko cha bati, akanionyesha kisima chake cha maji ya mvua. Mfereji unatoka kwenye paa, unaingia humo. Ukutani, kwenye saruji, palikuwa na mistari iliyochorwa kwa msumari: huu wa Aprili maji yakijaa, huu wa Agosti, na ule wa chini kabisa, ukionekana, ni kuoga kwa kopo. Maji ya bomba, yanayopandishwa kwa pampu kutoka visima vya Mitema, anayo pia, na anayashukuru. Lakini kisima chake hajakiacha.

"Baba yako mdogo alipokuja kuposa," akasema, huku akishusha ndoo kwa kamba, "bibi yako hakuuliza mashamba. Alimtuma mtu akaangalie paa na kisima. Paa lilikuwa la nyasi, kisima hamna. Posa ikarudishwa."

"Ikawaje?"

"Akauza korosho zake zote akanunua bati. Kisima akakichimba kwa mkono, yeye na kaka yake, kiangazi kizima. Bibi yako akaenda kukitazama mwenyewe, akachungulia ndani, akasema haya, waleteni hao wazee wao tuzungumze."