Mwendo wa alfajiri: kumbukumbu ya mradi wangu, Majengo, Pumwani, Nairobi

Jumamosi

Vifaa vimetimia. Bodi za ESP32 (vibodi vidogo vya kielektroniki vyenye Wi-Fi) na vihisi vya mwendo aina ya HC-SR501 nimevitoa Luthuli Avenue, na swichi za sumaku zilibaki kwenye mradi wa geti. Taarifa zote zinaingia kwenye Raspberry Pi, kompyuta ndogo iliyo juu ya kabati, inayoendesha Home Assistant, programu ya kusimamia vifaa vya nyumbani. Hakuna kinachotoka nje ya nyumba wala hakuna kamera.

Lengo: kujua kama uwezo wa nyanya wa kujitegemea unapungua. Sisi tunaoshinda naye ndio wa mwisho kugundua, maana tunamwona kila siku.

Hospitalini hilo hupimwa kwa maswali. Sidney Katz na wenzake walitoa kipimo chao mwaka 1963, chenye mambo 6: kuoga, kuvaa, kwenda chooni, kuinuka na kuhama kitandani, kuzuia haja, na kula. Mwaka 1969 Lawton na Brody wakaleta mambo 8 yanayotaka akili zaidi, yakiwemo kupika, kufua, kutumia simu, kushika pesa na kumeza dawa bila kusimamiwa. Maswali ni mazuri, ila muulize nyanya wangu lolote kati ya hayo, jibu ni moja: “Alhamdulillahi, sina neno.”

Jumatatu usiku

Kihisi cha jikoni nimekiondoa. Tafiti nyingi za nyumba zenye vihisi, kama zile za mradi wa CASAS wa Chuo Kikuu cha Jimbo la Washington kule Marekani, zimefanywa kwa wazee wanaoishi peke yao. Mlango ukifunguka, aliyefungua anajulikana. Njoo sasa Pumwani: korido moja, vyumba pande zote mbili, wapangaji, watoto wanaotoka kuoga wakitiririka maji. Kihisi kimewaka kutwa. Aliyekuwa anakaanga ni mama mdogo, aliyepekua sufuria ni binamu yangu.

Na hata ningeweza kuwatenganisha, kuna jambo linalonisumbua zaidi. Nyanya hapiki kwa sababu ana wakaza wana wa kumpikia, na kwa umri wake ndiyo heshima. Kihisi kinahesabu anachofanya mtu. Anachoweza kufanya akiachiwa hakikioni. Kwenye grafu, mzee anayetunzwa vizuri na mzee aliyeishiwa nguvu wanafanana kabisa.

Kwa hiyo nahitaji kitu ambacho anakifanya mwenyewe, kila siku, na hakuna wa kumfanyia.

Jumatano

Kipo: swala ya alfajiri. Nyanya huamka kabla ya mtu yeyote, anapita korido nzima mpaka uani kutawadha. Hakuna anayemtawadhia, na saa hiyo korido ni yake peke yake. Tena Nairobi iko karibu na ikweta, kwa hiyo wakati wa alfajiri hausogei sana mwaka mzima, kama nusu saa hivi. Ni saa ya kulinganishia ambayo sikuhitaji kuinunua. (Ramadhani nitaitenga. Wakati wa daku nyumba nzima iko macho.)

Ili nipime kasi yake, nimefunga vihisi viwili koridoni, mita 4 kati ya kimoja na kingine, na swichi ya sumaku kwenye mlango wa uani. HC-SR501 huhisi joto la mwili likikatiza mbele yake, lakini jicho lake ni pana, kama nyuzi 100 hivi, kwa hiyo humnasa mtu akiwa bado mbali na huwezi kusema alikuwa wapi hasa. Watafiti wa Portland, Oregon, waliopima mwendo wa wazee majumbani waliyabana macho ya vihisi vyao. Nimewaiga kwa kipande cha bomba la plastiki la nyaya za stima, urefu wa kidole, ndani nimelipaka rangi nyeusi na kulizungushia tepu. Sasa kila kihisi kinaona mstari mwembamba tu. Nimekiweka usawa wa kiuno ili paka apite chini.

Kwenye hesabu natumia mshtuko wa kwanza tu wa kila kihisi, kwa sababu kikishawaka hukaa hivyo sekunde kadhaa kabla ya kutulia.

Wataalamu wa udhaifu wa misuli Ulaya huhesabu mita 0.8 kwa sekunde, au chini ya hapo, kuwa mwendo wa polepole. Kwenye korido yetu hiyo ni sekunde 5. Sitampima nyanya kwa kigezo hicho, kwa sababu wao hupima mtu aliyeamka vizuri, kwenye mwanga, na yeye yumo gizani na ndala, usingizi haujamtoka. Nitamlinganisha na yeye mwenyewe, mwezi huu na mwezi ujao.

Stima ilikatika jana, powabenki ikabeba. Saa ya DS3231, chipu yenye betri yake, naiongeza ili muda usipotee intaneti ikizima.

Ijumaa

Shangazi wa Mombasa anataka taarifa ziingie kwenye simu yake kila asubuhi. Nikampelekea nyanya ombi hilo.

“Mwambie akitaka kujua kama nimeamka, anipigie. Na mimi nijue kama yeye ameamka.”

Basi hiyo imefungwa. Isitoshe, kupokea simu ni mojawapo ya yale 8 ya Lawton, na shangazi atalipima vizuri kuliko bodi yangu.

Kinachofuata ni swichi ya sumaku kwenye kijisanduku cha dawa za presha. Amekubali, kwa sharti kwamba kisiwe na taa wala mlio.