Sonona na mapigo ya moyo: kabla hujaiamini saa yako

Unadhani saa ya mkononi inayosoma mapigo inaweza kukuambia kama una sonona (ugonjwa wa huzuni nzito isiyoisha)? Ngoja kwanza. Moyo wenye afya haupigi kama saa ya ukutani. Hata ukipiga mara 60 kwa dakika, nafasi kati ya pigo na pigo haiwi sekunde 1 kamili: mara milisekunde 960, mara 1,040. Ukivuta pumzi mapigo yanaharakisha, ukiitoa yanapunguza kasi. Hiyo ni kazi ya neva ya vagasi, inayoshuka kutoka kwenye ubongo hadi moyoni. Kwa watu wenye sonona, tofauti hizo huwa ndogo zaidi kwa wastani. Kwa wastani, jamani! Wapo wenye sonona kali na vipimo vyao ni vya kawaida kabisa.

Ukitaka kupima tofauti hizo, fanya asubuhi kabla ya kahawa na sigara. Kaa utulie dakika 5, kisha rekodi dakika 5 nyingine bila kuongea. Mkanda wa kifuani ni bora kuliko saa ya mkononi, maana saa inasoma damu kwa mwanga na mkono ukitikisika inakosea. Lowesha mkanda kwa maji kwanza. Pigo moja likiruka linaharibu hesabu, hivyo liondolewe. Anayetumia amitriptilini (dawa ya sonona) asishangae namba ya tofauti hizo kushuka, dawa yenyewe hufanya hivyo (na asiiache kwa sababu ya namba).

Mawimbi ya alfa (aina ya mawimbi ya umeme wa ubongo) yanayopimwa kwenye paji la uso, kushoto na kulia, nayo yamechunguzwa sana, lakini matokeo yanagongana. Kliniki bado zinategemea mazungumzo na dodoso la PHQ-9 (maswali 9 kuhusu dalili za sonona), ambalo swali lake la 9 linauliza kuhusu mawazo ya kufa au kujidhuru. Saa haiulizi hilo.