Mbwa mpole wa kituo cha mbwa waliotelekezwa: kabla ya kumchukua na wiki ya kwanza

Mbwa aliyetelekezwa akikukimbilia langoni huku mkia unacheza, usiamue papo hapo. Bandani kuna kelele, huwezi kumjua vizuri. Mtoe, mtembeze dakika 20 mahali patulivu, uone kama anakubali kuguswa masikio na miguu. Waulize wahudumu kuhusu chanjo ya kichaa cha mbwa, dawa ya minyoo, na kama amehasiwa.

Nyumbani, kosa kubwa ni pupa. Watu humwogesha, humkumbatia, huita majirani waje kumwona, halafu hushangaa akijificha. Mpe kona moja, maji na pa kulala, basi. Mkitoka nje awe na kamba, hata uani, maana bado hajajua kwamba hapo ni kwao na mlango ukiachwa wazi ataondoka. Ukosi, yaani mkanda wa shingoni, upitishe vidole viwili tu. Ukilegea, akirudi kinyumenyume kichwa kinachomoka.

Chakula kikibadilishwa ghafla anaweza kuharisha. Siku 2 za kwanza changanya robo ya kipya na robo tatu ya alichozoea, siku 2 nusu kwa nusu, siku 2 robo tatu ya kipya. Siku ya 7 ale kipya pekee. Akiharisha damu au kutapika mfululizo, usisubiri kesho: mpeleke kwa daktari wa mifugo.