The Final Cut imetugawa leo barazani

Jioni hii tulikuwa barazani Kibokoni, kahawa tungu mkononi. Tumeisikiliza The Final Cut, albamu ya Pink Floyd, bendi ya roki ya Uingereza, mwanzo hadi mwisho.

Haijafika katikati, rafiki yangu akasema: "Hii si Pink Floyd. Huyu ni Roger Waters na msiba wake."

Hoja anayo. Ni albamu ya 1983, nyimbo zote kaandika Waters, mpiga besi na mwimbaji wao, Richard Wright wa kinanda hayumo kabisa na gitaa la David Gilmour linasikika kwa nadra. Hadithi ni moja tu, vita: toka Anzio, Italia, alikouawa babake Waters mwaka 1944 katika Vita vya Pili vya Dunia, hadi vita vya Uingereza na Argentina kule visiwa vya Falklands, 1982.

Lakini jamani, ule wimbo "The Gunner's Dream"!

Waters anapiga ukelele mrefu, na kabla haujakatika, saksafoni inaupokea papo hapo. Hujui sauti ya mtu imeishia wapi.

Jirani yangu alibaki na kikombe mdomoni, hanywi.

Mimi naipenda, na sioni haya kusema. Mtoto anamlilia babake, mwataka mbwembwe za gitaa za nini?

Tumebishana mpaka adhana ya isha.

Haya, nyinyi je? Mwaiweka pamoja na The Wall, albamu yao iliyoitangulia, ama mwairuka? Niambieni hapa chini.